GMAT Ukiwa Lubumbashi: Unalipia Nini, na Alama Hupotelea Wapi

GMAT ni mtihani wa kompyuta ambao shule nyingi za biashara duniani huutaka kabla ya kupokea dosie ya mtu anayeomba MBA, shahada ya uzamili ya biashara. Unatolewa na GMAC, chama kilichoanzishwa na shule za biashara zenyewe, na ulianza mwaka 1954 ukiwa na jina jingine. Tathmini hii inamlenga mtu wa Lubumbashi: mhandisi aliyetoka Polytechnique ya UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) na sasa yuko mgodini, mhasibu wa benki, wakala wa forodha anayeshinda mpakani Kasumbalesa, watu waliosoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi na sasa wanatazama Cape Town, Fontainebleau au Boston. Kwa msomaji huyo hukumu ni hii: mtihani ni wa haki, na matayarisho ya bure yanayotolewa na wenyewe yanazidi kozi nyingi za kulipia. Bei yake ni kali. Na haumsamehe mtu aliyejifunza hesabu kwa Kifaransa akaingia bila kurekebisha mazoea yake. Mazoea hayo ni machache na yanarekebishika, ndiyo maana sehemu kubwa ya maandishi haya inayahusu.

Je, unauhitaji?

Watu hulipa kabla ya kusoma masharti ya shule. Ukiendelea na Master ya LMD (mfumo mpya wa Licence, Master, Doctorat) hapa nyumbani, ile ya miaka 2 baada ya Licence ya miaka 3, GMAT haina kazi: wanatazama diploma na kota zako, yaani alama za masomo. Ukilenga programu ya Ufaransa inayofundishwa kwa Kifaransa, mara nyingi utaombwa Tage Mage. Huo ni mtihani wa Kifaransa wenye maswali 90 katika sehemu 6, kila sehemu maswali 15 kwa dakika 20, na alama zake huhesabiwa juu ya 600. Jibu sahihi hutoa alama 4, jibu baya hukata 1, na nafasi tupu ni sifuri. Kwa machaguo 5, kubahatisha kabisa hakukuongezei wala hakukupunguzii. Ukiweza kufuta chaguo moja tu, hesabu inageuka kuwa faida yako. Wengi hawaijui hesabu hiyo, wanaacha nafasi tupu pale ambapo wangepaswa kujaribu.

Kuna pia GRE, mtihani mwingine wa kuombea masomo ya uzamili, ambayo shule nyingi za MBA huikubali sawasawa na GMAT. Tangu Septemba 2023 imefupishwa hadi saa 1 na dakika 58, na ina kikokotoo hata kwenye hesabu. Sehemu yake ya msamiati huwatisha wanaozungumza Kiingereza cha kawaida, lakini maneno yake mengi magumu yametoka Kilatini. Mtu anayejua Kifaransa vizuri huyatambua kwa mbali: lugubrious, insipid, ardent. Kama hesabu za kichwa ni udhaifu wako na Kifaransa chako ni imara, GRE inaweza kukufaa kuliko GMAT. Fanya mtihani mmoja wa mazoezi wa kila upande kabla ya kuamua. Usiamue kwa kusikia ofisini kwamba GMAT ndiyo inayoheshimiwa.

Unachopewa ndani ya dakika 135

GMAT ya sasa ilianza Novemba 2023, na ile ya zamani ilifungwa tarehe 31 Januari 2024. Ni muhimu kwa sababu vitabu vinavyopita mkono kwa mkono mjini bado ni vya zamani. Ukiona kitabu kina insha, maswali ya kusahihisha sentensi, au kurasa nyingi za pembetatu na duara, kurasa hizo ziache: hazimo tena. Maswali yake ya aljebra, uwiano, asilimia na kusoma habari bado yanafaa.

Sasa kuna sehemu 3, kila moja dakika 45. Quantitative Reasoning ina maswali 21 ya hesabu bila kikokotoo. Verbal Reasoning ina maswali 23 ya kusoma habari na kuchunguza hoja. Data Insights ina maswali 20 ya majedwali, michoro na data iliyotawanyika, na hapo unapewa kikokotoo kwenye kioo. Unachagua mwenyewe mpangilio wa sehemu, na una pumziko moja la dakika 10. Alama ya jumla ni kati ya 205 na 805, na sehemu zote tatu zina uzito sawa. Kwa mhandisi hilo ni badiliko kubwa: zamani hesabu na lugha tu ndizo zilizounda alama ya jumla, leo thuluthi moja inatoka kwenye Data Insights, na huko ndiko wahandisi wetu wengi wangeweza kuchota alama kama wangeifanyia mazoezi.

Huwezi kuruka swali. Lazima ujibu ndipo usonge, lakini unaweza kuliwekea alama, na mwisho wa sehemu, kama muda umebaki, unarudi na kubadili majibu yasiyozidi 3. Jibu baya halikati kitu zaidi ya kupoteza swali hilo, ila maswali yasiyofikiwa hukatiwa alama. Kwa hiyo kanuni ni kinyume cha woga: ukibaki na dakika 2 na maswali 4, bofya yote manne.

Saa ya kufuata kwenye hesabu ni rahisi kukumbuka. Ukimaliza swali la 7 unapaswa kuwa na dakika 30 mbele yako. La 14, dakika 15. Kwenye Data Insights, swali la 10 likiisha ziwe zimebaki dakika 22 na nusu, lakini hapo usihofu ukichelewa kidogo mahali penye kurasa kadhaa za habari kwa maswali 3 yanayofuatana: kusoma kwa mara ya kwanza kunakula muda, maswali yanayofuata yanaurudisha. Jihadhari pia na maswali yenye vipande viwili au vitatu ndani ya swali moja. Hakuna nusu alama. Ukipata vipande viwili na kukosa cha tatu, umekosa swali zima, na hiyo ndiyo sababu mtu hutoka akijisikia vizuri kisha alama inamshangaza.

Hesabu iliyosomwa kwa Kifaransa

Tuanze na sifuri. Kwa Kifaransa cha shule zetu, nombre positif huanzia sifuri kwenda juu. Ukitaka kuiondoa sifuri unasema strictement positif. Kwa Kiingereza cha GMAT, positive ni kilicho juu ya sifuri tu, na sifuri si chanya wala si hasi. Tofauti hiyo ya neno moja inaangusha watu waliopata 80% kwenye analizi. Tazama swali la aina ya Data Sufficiency, ambalo sasa limo ndani ya Data Insights:

Je, x ni positive?
(1) Thamani kamili ya x ni sawa na x.
(2) x si sifuri.

Katika maswali haya huulizwi jibu, unaulizwa kama taarifa zinatosha kulipata. Machaguo ni yale yale siku zote: A, taarifa ya kwanza peke yake inatosha, B, ya pili peke yake, C, zote mbili pamoja, D, kila moja peke yake, E, hata pamoja hazitoshi. Mtu wa nombre positif anaona taarifa ya kwanza, anasema x ni sifuri au zaidi, basi ni positif, anabofya A. Amekosa. Taarifa ya kwanza inaruhusu sifuri, na sifuri si positive, kwa hiyo haitoshi. Ya pili peke yake inaruhusu hasi. Pamoja, x iko juu ya sifuri bila shaka. Jibu ni C. Watu huita hilo kosa la uzembe, lakini mtu huyo alihesabu sawa. Alichokosa ni tafsiri ya neno, na atalirudia kwenye maswali mengine kama hajaambiwa.

Pili ni koma na nukta. Mtihani ukiandika 8,800 ni elfu nane na mia nane. Ukiandika 8.8 ni nane na sehemu nane za kumi. Sisi tumefundishwa kinyume chake, koma ikitenga desimali. Kwenye utulivu kila mtu anajua, lakini kwenye dakika ya 40 jicho linarudi nyumbani. Dawa ni kuandika namba zako zote za mazoezi kwa mtindo wa Kiingereza kuanzia siku ya kwanza, hata kwenye daftari la matumizi ya nyumbani.

Tatu, billion. Kwa Kifaransa un billion ni milioni mara milioni. Kwa Kiingereza cha mtihani billion ni milioni elfu moja, yaani ile tunayoiita miliari. Swali la mapato ya kampuni likisema 1.2 billion, ni miliari 1 na milioni 200. Ukikosea hapo, unakosea mara elfu, na machaguo ya majibu mara nyingine yameandaliwa yakikungoja.

Nne, namba mchanganyiko. Kwenye vitabu vya Kiingereza, 2 ikifuatwa na sehemu ½ ni mbili na nusu. Aliyezoea kuona namba na herufi zikikaa bega kwa bega kama kuzidisha anaweza kusoma 2 mara ½ na kupata 1. Ongeza na hili: greater than haijumuishi usawa kamwe, na between huangaliwa kama swali limesema inclusive au la.

Baada ya tafsiri inabaki kasi. Bila kikokotoo, anayefanya hesabu kwa njia ndefu ya ubaoni hamalizi. Chukua swali la mchanganyiko, ambalo kwa mtu wa migodi si geni: tani 40 za mchanga wenye shaba 25% zimechanganywa na tani 60 zenye 30%, asilimia ya jumla ni ngapi? Usiandike mlinganyo. Pengo ni 5. Mzigo wa pili ni 60 kati ya 100, basi unapanda 60% ya pengo, yaani 3, juu ya 25. Ni 28%. Sekunde 15. Vivyo hivyo bei ikipanda 20% kisha ikashuka 20% haijarudi ilipokuwa: 1.2 mara 0.8 ni 0.96, imepotea 4%. Mambo haya mazoezi ya wiki 6 yanayaingiza kichwani, dakika 30 kila asubuhi kabla ya basi la kazi, na yanadumu kuliko Jumamosi nzima ya kukesha.

Mhandisi ana kosa lake jingine kwenye Data Sufficiency: anatatua. Swali linauliza mgodi ulisafirisha tani ngapi mwezi Machi. Taarifa ya kwanza inasema Machi ilizidi Februari kwa 20%. Ya pili inasema miezi yote miwili ilitoa tani 8,800. Asilimia peke yake haizai kiasi. Jumla peke yake haigawanyiki. Pamoja una milinganyo 2 na visivyojulikana 2, inatosha, ni C. Hakuna haja ya kufika 4,800. Aliyefika ametumia dakika moja ambayo swali halikumwomba. Wale waliofanya Tage Mage wataitambua aina hii kwa jina la conditions minimales, na mazoezi ya upande mmoja yanasaidia upande mwingine.

Lugha

Kusahihisha sarufi kumeondolewa, na kwa mtu wa Kifaransa hiyo ni habari njema kabisa. Kinachobaki ni kusoma na kupima hoja. Maneno yanayofanana na Kifaransa ndiyo yanayodanganya kuliko maneno mageni, kwa sababu neno geni hukufanya usimame. Eventually ni hatimaye. Éventuellement ni huenda. Actual ni halisi. Actuel ni cha sasa. Comprehensive ni kamili, kinachojumuisha yote. Ukisoma kwamba kampuni eventually ilifunga kiwanda, ukaelewa kwamba huenda ikafunga, hoja nzima imepinduka na majibu manne mabaya yanaonekana mazuri. Yaangalie pia kwa makini maneno unless, only if na all but. Uzito wa hoja mara nyingi umekaa juu ya maneno hayo.

Kuna tatizo jingine la malezi ya shule. Dissertation imetufundisha kuleta ujuzi wetu wa dunia. Kwenye maswali ya hoja ujuzi huo unakuangusha. Wakikuuliza hoja imesimama juu ya dhana gani, jibu ni sentensi ambayo ukiikanusha hoja inaanguka, hata kama sentensi hiyo inachosha na nyingine ni kweli zaidi kwenye maisha. Jaribu kukanusha kila chaguo kwa zamu. Ni njia ya polepole mwanzoni, lakini baada ya maswali 100 inakwenda yenyewe.

Vifaa vya mazoezi

Hapa sifa zinastahili. Kwenye tovuti ya mba.com, ukifungua akaunti, unapata bila malipo mitihani 2 kamili ya mazoezi inayotumia programu ileile ya mtihani halisi, na kifurushi cha maswali ya kuanzia. Mitihani zaidi inauzwa. Tumia wa kwanza mapema, kabla ya kusoma chochote, ili ujue unaanzia wapi, na utunze wa pili kwa siku kama 10 kabla ya tarehe. Unaweza kuirudia, lakini maswali mengine yatajirudia na alama itapanda kwa uongo. Kozi za mtandaoni za dola mia kadhaa zinafaa kwa anayehitaji mtu wa kumsukuma. Kwa anayejisukuma mwenyewe, mitihani rasmi na daftari la makosa linaloandika kwa nini kila jibu lilikosewa vinatosha.

Kufanya ukiwa nyumbani: umeme, intaneti, chumba

Unaweza kufanya kwenye kituo au kwenye kompyuta yako ukiangaliwa kwa kamera. Nchini Marekani bei imekuwa dola 275 kituoni na dola 300 nyumbani. Bei ya nchi yako huonekana wakati wa kujiandikisha. Kwa mtu wa Lubumbashi, nyumbani kunakata gharama ya ndege na hoteli, lakini kunahamishia mzigo wa ufundi mabegani mwako.

Chagua msimu wa ukavu kama unaweza. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua na radi huongeza kukatika kwa umeme, na mgao wa SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, una ratiba yake ambayo haikuulizi. Kompyuta iwe na betri inayovuka saa 3. Watu husahau ruta. Ruta ya kawaida ya volti 12 na ampea 1 hula wati 12. Kwa saa 3 na nusu, pamoja na muda wa ukaguzi, ni wati-saa 42. Betri ndogo ya volti 12 na Ah 7, ya aina inayotumika kwenye UPS, hubeba wati-saa 84 ikiwa mpya, kwa hiyo hata ikiwa imechoka hadi nusu inakufikisha ukingoni. Usitegemee jenereta ya jirani: sekunde chache kati ya kukatika na kuwaka zinatosha kuizima ruta, na ikizima muunganisho unadondoka. Muunganisho ukikatika muda mrefu, kikao kinaweza kufutwa.

Usitumie simu kama chanzo cha intaneti, maana simu haitakiwi karibu nawe. Tumia modemu inayojitegemea. Usitumie kompyuta ya kampuni: kompyuta nyingi za migodini na za benki zina ngome zinazozuia programu ya usimamizi, na tatizo hujitokeza dakika ya kuanza, fundi wa kampuni akiwa amelala. Fanya ukaguzi wa mfumo kwenye kompyuta ileile, chumba kilekile na saa ileile ya siku. Chumba kiwe na mlango unaofungwa, meza tupu, kioo kimoja cha kompyuta, bila vipokea sauti. Zungumza na watu wa nyumbani mapema. Mtu akiingia hata kuuliza ufunguo, msimamizi ana haki ya kusimamisha mtihani.

Jina, pasi, malipo

Kitambulisho cha kutegemea ni pasi ya kusafiria. Kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu hufungua milango yote, usiitegemee hapa. Na ndipo linapokuja suala la nom, postnom na prénom. Fomu ya Kiingereza ina nafasi mbili tu, jina la ukoo na jina la kupewa, na kila mtu anaigawanya kivyake. Angalia mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha kwenye pasi, ile yenye alama za <<<. Kwenye mstari wa juu, baada ya herufi za mwanzo za aina ya pasi na nchi, kilicho kabla ya << ni jina la ukoo, kilicho baada yake ni majina ya kupewa. Nakili hivyo hivyo, herufi kwa herufi. Jina likitofautiana na pasi unaweza kuzuiwa kuingia na ada kupotea. Tumia mpangilio huohuo kwenye TOEFL au IELTS, mitihani ya Kiingereza, na kwenye fomu ya shule, vinginevyo matokeo yako yatazunguka kwenye mifumo yao bila kumpata mwenyewe.

Lipa kwa kadi ya benki ya kimataifa, na kabla ya siku hiyo uliza benki ukomo wa malipo ya mtandaoni na kama kadi imefunguliwa kwa tovuti za nje. Kuahirisha kuna ada, na ada hupanda kadiri tarehe inavyokaribia.

Alama na matumizi yake

Unaona alama isiyo rasmi mara tu unapomaliza. Ukishapata ripoti rasmi una saa 48 za kutuma kwa shule 5 bure, na shule huona tu alama ulizozituma. Huo ni utaratibu mzuri kwa mwombaji: ukianguka, hakuna atakayejua. Unaweza kurudia baada ya siku 16, hadi mara 5 ndani ya miezi 12. Alama hudumu miaka 5, wakati TOEFL na IELTS hudumu miaka 2 tu. Kwa hiyo fanya GMAT kwanza, Kiingereza baadaye.

Usilinganishe alama mpya na za zamani. 645 ya leo inasimama mahali palipokuwa pa 700. Kaka yako mkubwa aliyepata 680 mwaka 2018 hakukuzidi wewe uliyepata 645.

Dosie inayofuata

GMAT ni kipande kimoja, na si ndicho kinachochelewesha. Kinachochelewesha ni relevé de cotes, orodha rasmi ya alama zako. Omba miezi 4 kabla, kwa kila mwaka wa masomo, kisha peleka kwa mtafsiri wa kiapo. Kwa waliosoma mfumo wa kale, licence ni miaka 5, yaani graduat 3 na licence 2; kwa LMD, Licence ni miaka 3. Neno ni moja, na msomaji wa Boston hajui. Andika idadi ya miaka kwenye fomu na kwenye tafsiri. Mtafsiri akiandika Bachelor bila maelezo, umepoteza miaka 2 ya masomo kwenye macho yao.

Usigeuze asilimia zako kuwa GPA ya 4, wastani wa alama wa Kimarekani, isipokuwa shule imeagiza. Kwenye mfumo wetu wa kale satisfaction ni 50 hadi 69, distinction 70 hadi 79, grande distinction 80 hadi 89. Mwenye 68% akijigeuza kwa hesabu ya sawia anapata 2.7, na anaonekana dhaifu, kumbe huenda alikuwa wa pili kwenye promosheni, yaani darasa la mwaka wake. Omba sekretarieti ya fakilti iambatishe maelezo ya ngazi hizo, na cheo chako kwenye promosheni kama kinajulikana.

Barua 2 za mapendekezo zitoke kwa wanaosimamia kazi yako, si kwa profesa mwenye jina kubwa asiyekukumbuka. Shule humtumia mkuu wako kiungo moja kwa moja kwenye barua pepe. Mwombe anwani ya kazini, mwarifu kwamba kiungo huangukia mara nyingi kwenye taka, na mpe wiki 5. Kama shule inataka Kiingereza na mkuu wako anaandika Kifaransa, uliza shule kabla kama tafsiri inakubalika.

Kuhusu programu yenyewe, brosha zote zinafanana. Tazama muda kwanza, kwa sababu muda ni mshahara unaouacha: INSEAD ni miezi 10, HEC Paris 16, Harvard miaka 2. Kisha tazama ithibati, yaani muhuri wa ubora unaotolewa na vyombo vya nje ya shule: AACSB, EQUIS na AMBA. Shule zenye zote tatu Afrika ni pamoja na shule za biashara za Cape Town na Stellenbosch, na ya American University in Cairo. AMBA hudai wanafunzi wa MBA wawe na uzoefu wa kazi wa miaka 3 angalau. Ukiwa na mwaka 1, unachotafuta ni Master in Management, na fomu yake ni nyingine. Kwenye vikao vya mtandaoni uliza maswali yenye namba: wangapi wa darasa lililopita walitoka Afrika, wangapi walipata msaada wa ada, msaada huo unaombwa kabla au baada ya kukubaliwa. Baadhi ya shule hufuta ada ya maombi ukiandika na kueleza hali yako. Kwa Harvard ada hiyo imekuwa dola 250, kwa hiyo barua ya mistari 10 ina thamani yake.

Madirisha ya maombi kwenye shule nyingi huangukia Septemba, Januari na Aprili. Kwa dirisha la Septemba, mtihani ufanyike Juni, wakati wa ukavu, ili siku 16 za kurudia zikuache bado Julai. Na tarehe ya mwisho isome na saa yake: midi ya Boston ni 18h00 Lubumbashi mwezi Septemba, lakini 19h00 mwezi Januari. Paris na Lubumbashi ziko sawa Septemba. Januari sisi tunatangulia kwa saa 1, hivyo usiku wa manane wa Paris kwetu ni saa moja baada ya manane, na umeme uwe bado upo.